Shambulio la Agosti 1914 Lililobadili Vita vya Ziwa Tanganyika

Wakazi wa Kigoma wanaifahamu vizuri meli ya MV Liemba, na wengi wanajua kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Tukio lililotangulia yote hayo halisimuliwi sana, ingawa kwa maoni yetu tunaotunza kumbukumbu za historia mkoani, ndilo lililoamua Vita vya Kwanza vya Dunia vitapita wapi.

Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia kwa mizinga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Meli hiyo iliharibiwa isiweze kusafiri, na kwa zaidi ya mwaka mmoja Wajerumani wakalitawala ziwa. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huohuo, hivyo askari na shehena zilizotoka Dar es Salaam ziliweza kupakiwa melini na kupelekwa pwani yoyote ya ziwa. Mwaka 1915 iliongezeka Graf von Götzen, meli iliyoletwa kwa vipande na kuunganishwa papa hapa Kigoma. Ndiyo iliyozamishwa 1916, ikaibuliwa baadaye na kuwa Liemba ya leo.

Lakini ushindi huo uliwaletea Wajerumani adui mpya. Wabelgiji walikuwa wakitumaini kwamba Kongo, koloni lao, ingebaki nje ya vita kwa mujibu wa mkataba wa Berlin wa 1885, na baada ya Lukuga tumaini hilo liliisha. Waingereza nao walisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kisha zikakokotwa milimani, na kati ya Desemba 1915 na Februari 1916 meli ya Kijerumani Kingani ikatekwa na Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Jeshi la Kongo ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur liliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba, likitegemea wapagazi wengi mno, ambao mateso yao hayajapewa nafasi inayostahili katika simulizi za vita hivi.

Wabelgiji waliondoka Kigoma mwaka 1921, wakabaki na Rwanda na Burundi, huku mkataba wao na Waingereza wa mwaka huo ukiwapa sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka.