Glezi nyeusi ya chuma katika tanuri la umeme

Glezi ni tabaka la kioo linaloyeyukia juu ya chombo cha udongo kinapochomwa. Ukichanganya ndani yake oksidi ya chuma, yaani ile kutu nyekundu iliyosagwa laini, utapata rangi kulingana na kiasi. Sehemu 1 au 2 kwa 100 hutoa rangi ya asali hafifu. Zikifika 8 hadi 10, kioo hushiba chuma hata mwanga ushindwe kupenya, na jicho huona weusi. Kwa kweli ni hudhurungi iliyokolea mno. Tazama ukingo wa kikombe, pale glezi ilipoteremka na kubaki nyembamba: wekundu wa kutu hujitokeza.

Wafinyanzi wengi huiita tenmoku. Ni matamshi ya Kijapani ya Tianmu, mlima wa China ambako watawa wa Kijapani walipata mabakuli ya aina hii wakarudi nayo kwao. Mengi yalitoka katika matanuri ya Jian, mkoani Fujian, enzi za utawala wa Song (960–1279).

Mwenye tanuri la umeme mara nyingi huambiwa asihangaike na rangi hii, kwa kuwa inataka moto wa kuni au gesi uliobanwa hewa, unaonyang'anya chuma oksijeni yake. Ushauri huo umewakatisha watu tamaa bure. Ni kweli tanuri la umeme limejaa hewa, lakini joto lenyewe hufanya kazi hiyo. Kuanzia nyuzi 1,230 hivi za Selsiasi, oksidi nyekundu huanza kuachia sehemu ya oksijeni yake bila moshi wowote. Kinachobaki ni chuma cha hali nyingine, ambacho huyeyusha glezi kwa nguvu na kuitia giza. Oksijeni inayotoka hupanda kama mapovu, ikibeba chuma hadi juu. Mapovu yakipasuka na kutulia vizuri, huacha madoa ya fedha yanayofanana na matone ya mafuta, na madoa hayo hupatikana hasa katika moto wenye hewa ya kutosha! Hapo tanuri la umeme lina faida.

Shida huja kwa anayechoma hadi koni 6 (koni ni kipimo cha joto la tanuri, kijiti kinachopinda joto lake likifika), takriban nyuzi 1,220, maana hapo chuma hakijafika kwenye kizingiti chake. Matokeo huwa kahawia ya matope. Koni 10, karibu nyuzi 1,290, ni rahisi zaidi iwapo tanuri na udongo vinahimili. Vinginevyo, paka glezi juu ya udongo wenye chuma kingi, kwa sababu udongo mweupe huinyonya rangi nguvu, au ongeza nusu ya sehemu ya oksidi ya kobalti kwa 100. Wapo wanaotia kabaidi ya silikoni iliyosagwa laini sana, chini ya sehemu 1, ili inyang'anye oksijeni ndani ya glezi yenyewe. Ikizidi, uso hujaa malengelenge. Kuchoma vijiti ndani ya tanuri ili upate moshi sikushauri kabisa: hula ngozi ya oksidi inayolinda nyaya za joto, na hewa yake ni sumu.

Unene nao una neno. Glezi hii ikipakwa nyembamba huishia kuwa kahawia hata kanuni ya mchanganyiko ikiwa sahihi. Ipake nene, kisha acha kitako na kama sentimita moja juu yake bila glezi, kwani hutiririka na kugandisha chombo kwenye rafu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kupoa. Tanuri likipoa polepole, hasa kati ya nyuzi 1,000 na 700, chuma hupata muda wa kujitenga na kuota fuwele juu ya uso, na weusi hugeuka wekundu wa kutu. Wengine huutafuta wekundu huo makusudi. Ukitaka weusi unaong'aa, zima tanuri likifika kileleni, liache lishuke lenyewe bila kulishikilia popote. Matanuri madogo yenye kuta nyembamba hushuka upesi. Makubwa ya matofali mazito hukaa na joto saa nyingi, ndiyo maana kanuni moja ya glezi hutoka nyeusi kwa mfinyanzi mmoja na nyekundu kwa mwenzake.