Si Kila Simu Inayojizima na Kujiwasha Ni ya Kuflashiwa

"Fundi, inafika kwenye logo, inazima, inawaka tena. Niflashie tu."

Ombi hilo linasikika kwenye vibanda vya simu kote Lamu, kuanzia Mkomani hadi Langoni, na anayelitoa huwa ameshajiamulia ugonjwa na dawa yake. Shida ni kwamba dawa hiyo, yaani kuiwekea simu programu ya mfumo upya, mara nyingi ndiyo inayofuta picha za harusi, sauti ya mzazi aliyefariki na daftari la madeni la mwenye duka. Kisha simu inarudi siku ya pili ikijizima vile vile, kwa sababu programu haikuwa na kosa tangu mwanzo.

"Ikigota kwenye logo, ni programu"

Logo haithibitishi chochote. Ukibonyeza swichi, chipu ya umeme kwenye bodi hugawa volti, prosesa huamka, husoma programu fupi ya kuwashia kutoka kwenye hifadhi ya ndani, na hapo logo hutokea. Kufikia hapo simu imekula umeme kidogo sana. Baada ya logo ndipo kazi inapoanza: prosesa hukimbia kwa nguvu zote, hifadhi husomwa kwa kasi, mtandao na Wi-Fi huamshwa, kamera na vihisi hukaguliwa. Mzigo unapanda ghafla, na kitu chochote kilicho dhaifu kwenye njia ya umeme huanguka palepale. Kwa mwenye simu inaonekana kama mfumo umekwama, kumbe simu ina njaa ya umeme.

Mshukiwa wa kwanza ni betri. Betri ya lithiamu iliyochoka huweza kuonyesha volti 3.8 kwenye mita ikiwa imetulia, na fundi mwenye haraka akasema ni nzima. Mzigo ukija, volti zinaporomoka chini ya kiwango ambacho simu inakubali, nayo inajizima kujilinda. Mzigo ukiondoka volti zinapanda tena, simu inajaribu upya, inaanguka upya. Ndiyo maana mita peke yake haitoshi. Betri ipimwe ikiwa kazini, au bodi iwashwe kwa pawa saplai ya mezani iliyopangwa volti 4 na yenye uwezo wa kutoa angalau ampea 2. Ikiwaka mpaka mwisho kwa pawa saplai na kukataa kwa betri yake, jibu limepatikana na hakuna picha hata moja iliyofutwa. Hata bila vifaa dalili zipo: ilikuwa ikizima na asilimia 30 bado zinaonekana, ilikuwa ikizima ukipiga picha kwa taa ya kamera, na ikiwa kwenye chaja huvumilia zaidi.

Mshukiwa wa pili ni swichi ya kuwashia, na huyu anasahaulika kuliko wote. Simu nyingi ukishikilia swichi hiyo kwa takriban sekunde 10 hulazimika kuzima na kuwaka upya. Swichi iliyogandishwa na chumvi na mchanga wa Shela, au inayobanwa na kava gumu, inafanya kazi hiyo hiyo bila kidole cha mtu: logo, giza, logo, giza, kwa muda unaokaribia kulingana kila mara. Toa kava. Bonyeza swichi mara kadhaa usikilize kama inabofya na kurudi juu. Kitufe cha sauti kikiganda, simu huingia yenyewe kwenye menyu nyeusi ya rikavari au fastibuti, menyu za matengenezo zinazofunguka kabla ya mfumo, na hapo tena mtu husema programu imeharibika. Kusafisha swichi au kubadilisha mkanda wake, ule waya bapa unaoiunganisha na bodi, ni kazi ndogo sana ukilinganisha na kupoteza kila kitu.

iPhone ina dalili yake. Ikiwaka vizuri, ikafunguka, ukaitumia, kisha ikajizima baada ya kama dakika 3, na ikarudia hivyo hivyo kila dakika 3, usiifute. Ndani yake kuna mlinzi wa programu anayesubiri taarifa za vihisi. Kihisi kisipojibu, anaiwasha simu upya. Mara nyingi anayekosekana yuko kwenye mkanda wa tundu la chaji, kwenye mkanda wa swichi au kwenye betri. Fungua Mipangilio, Faragha, kisha sehemu ya takwimu za uchambuzi, utafute faili zinazoanza na neno "panic-full". Kihisi kilichokosekana huandikwa humo. Ukiirejesha iPhone hiyo upya mara kumi bila kubadilisha mkanda, itazima dakika 3 baada ya kila mara.

Na kwa nini tundu la chaji? Kwa sababu ndilo mlango wa chumvi. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Simu ya Lamu haihitaji kuanguka baharini ndiyo ilowe. Boti ya Mokowe wakati wa kusi inarusha maji mpaka kwenye mapaja, na simu iko kwenye pindo la kikoi pamoja na jasho. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo usiku inalowa tena yenyewe, umeme unavuja kati ya njia mbili ambazo hazifai kugusana, na shaba inaanza kugeuka kijani. Ndiyo sababu simu inaweza kufanya kazi wiki mbili baada ya safari na kuanza kujizima leo, na mwenyewe akaapa kwa moyo safi kwamba haijaingia maji.

Sasa, unatenganishaje programu na umeme bila kufuta? Ingiza simu kwenye menyu ya rikavari. Kwa Android nyingi ni kuizima kabisa, kisha kushikilia swichi pamoja na kitufe cha kuongeza sauti. Baadhi ya Samsung za karibuni hukubali tu zikiwa zimeunganishwa na kompyuta kwa kebo. Ukifika hapo usiguse chochote. Iache nusu saa. Ikijizima hata ikiwa kwenye menyu hiyo, mfumo wenyewe bado haujawashwa, basi hauwezi kulaumiwa: tafuta betri, swichi, chumvi au bodi. Ikitulia nusu saa nzima, programu au hifadhi inaanza kushukiwa. Nasema inaanza, kwa sababu menyu hiyo ni mzigo mwepesi na betri iliyochoka huweza kuuvumilia. Kipimo cha pawa saplai bado kinahitajika.

Hata programu ikithibitika, kufuta ni hatua ya mwisho. Toa memori kadi na laini, uchaji nusu saa kwa chaja ya volti 5 na ampea 2 unayoiamini, ujaribu kuwasha. Kadi mbovu peke yake inaweza kuikwamisha simu. Kama menyu ina "Wipe cache partition", itumie: inafuta mafaili ya muda, haigusi picha. Samsung nyingi zina pia "Repair apps". Unachokiepuka ni "Wipe data/factory reset", ambacho kwa bahati mbaya kimewekwa jirani kabisa. Kisha jaribu hali salama, ambamo programu ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi; kwa simu nyingi ni kushikilia kitufe cha kupunguza sauti wakati logo inaonekana. Ikifunguka, ondoa programu uliyoiweka mwisho na upunguze video, kwa maana hifadhi iliyojaa mpaka ukingoni huzuia mfumo kuwaka. Kwa iPhone iliyounganishwa na kompyuta, chagua "Update", ambayo huweka mfumo upya na kuacha vitu vyako. "Restore" hufuta.

Na ikibidi kuflashi kweli, kuna kuflashi na kuflashi. Kwa Samsung, faili la HOME_CSC huacha data ya mtu mahali pake, faili la CSC huifuta. Tofauti ni neno moja, na fundi asiyelijua hafai kushika simu ya mtu. Kwa simu zenye prosesa ya MediaTek, ambazo ni nyingi mikononi mwa watu hapa, anayechagua "Format All" anaweza kufuta hata namba za IMEI zinazoitambulisha simu kwa mtandao, na simu ikawaka vizuri kabisa bila mtandao. Faili la modeli inayofanana tu, lakini si yenyewe, linaweza kuiua simu isionyeshe hata logo.

Baada ya kufuta hakuna kurudi. Simu zilizotoka na Android 10 kwenda juu huhifadhi kila kitu kwa usimbaji, yaani kwa maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo, na kufuta kunateketeza ufunguo. Anayeahidi kurudisha picha kutoka kwenye hifadhi ya simu kama hiyo anadanganya. Kilichobaki ni nakala zilizokuwa mtandaoni kama zipo. Juu ya hilo kuna kufuli la Google, lililokuja na Android 5.1: ukifuta kupitia rikavari, simu itadai akaunti iliyokuwemo. Wengi walifunguliwa akaunti hiyo na muuzaji dukani na hawajui nywila yake. Waliingia na simu inayojizima, wanatoka na simu iliyofungwa.

Kuna hali moja ambapo kuflashi ni hatari kuliko zote, nayo ni hifadhi iliyochakaa. Chipu ya hifadhi inapokufa, simu hupunguza kasi, hukwama, hukataa kusakinisha, kisha huanza kujiwasha upya. Ukiflashi, kazi hukatika katikati kwa kosa, au hukamilika na tatizo likarudi baada ya siku chache. Kabla ya hapo palikuwa na nafasi ya kuiwasha mara moja na kuhamisha vitu vya mtu. Baada ya hapo nafasi hiyo haipo.

"Tuliitia kwenye mchele siku tatu"

Siku tatu za mchele ni siku tatu za kutu. Mchele hauwezi kunyonya chumvi iliyolala chini ya vibati vya bodi, na hata maji hautoi kwa haraka kuliko hewa ya kawaida. Vumbi na wanga wake huingia kwenye tundu la chaji. Apple wenyewe wameandika katika maelekezo yao kwamba simu isitiwe kwenye mchele.

Simu ikiingia maji ya bahari, izime wakati huo huo na usiiwashe "kuona kama bado". Usiichaji. Umeme wa betri ukikutana na maji ya chumvi ndio unaokula shaba, na hiyo ni kazi ya saa, si ya siku. Mfikie fundi siku hiyo hiyo, hata kama ni boti ya mwisho kutoka Matondoni. Kinachotakiwa ni kufungua, kuchomoa betri kwanza kabla ya yote, kutoa bodi na vibati vyake, kuosha kwa maji yaliyokenekwa ili chumvi iyeyuke, kusugua kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kisha kukausha kwa joto la wastani, kama nyuzi 40 au 50. Mpangilio huo una sababu: alkoholi inafukuza maji lakini chumvi haiyeyushi vizuri. Anayeanza na alkoholi peke yake huiacha chumvi pale pale.

Kauli nyingine ambazo hazistahili muda mrefu

"Simu yangu haiingii maji." Kipimo cha IP68, cha kinga dhidi ya vumbi na maji, hufanywa kwa maji matamu, yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Gundi huzeeka kwa joto, na skrini ikibadilishwa mara moja bila gundi mpya kuzunguka ukingo, kinga imekwisha. Simu yenye kinga hiyo ikiguswa na maji ya bahari, isuuze kwa maji matamu na uikaushe; usichaji mpaka tundu likauke.

"Iweke kwenye friza ipoe." Hewa yenye unyevu ya pwani itafanya matone ya maji ndani ya simu pindi utakapoitoa. Ikipata moto, izime, toa kava, iache kivulini.

"Ilipuliziwa hewa ya moto ikapona." Kuchoma prosesa kwa joto huweza kuunganisha tena lehemu iliyopasuka kwa siku chache. Tumia siku hizo kuhamisha vitu vyako, kwa sababu itarudi.

"Betri imevimba kidogo tu, bado inashika." Iliyovimba hutolewa leo. Haitobolewi, haikandamizwi irudi bapa, haichajiwi usiku kitandani.

"Ni virusi." Programu mbaya inaweza kuikwamisha simu, lakini ikijizima kwenye rikavari, virusi havina nafasi hapo.

"Ikifutwa, pesa zangu za M-Pesa zitapotea." Hazitapotea. Pesa ziko kwenye akaunti yako kwa Safaricom, wala hazikai ndani ya simu. Toa laini, itie kwenye simu yoyote, piga *334# na utaziona. Kitakachofutika ni meseji za miamala zilizokuwa kwenye simu, na taarifa ya miamala unaweza kuiomba kupitia namba hiyo hiyo.