Tepe si beji: dhana potofu kuhusu vyeo na tuzo za Boys' Brigade

Kila baada ya gwaride la kutunuku, simu yangu haipumziki. Wazazi wanataka kujua kwa nini huyu kapata tepe, ile alama ya cheo inayoshonwa mkononi, na yule kakosa. Nimevaa mshipi wa Boys' Brigade, chama cha Kikristo cha wavulana, tangu nikiwa mvulana, na sasa mimi ndiye ninayewapanga wavulana mstari Jumamosi mchana nyuma ya kanisa letu la Kipresbiteri. Maswali yanayonifikia ni yale yale, na mengi yanatokana na mambo ambayo watu wamesikia nusu nusu. Niyajibu hapa.

"Beji zikiwa nyingi, tepe lazima ije"

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalowaumiza watoto.

Mzazi mmoja alinifuata baada ya ibada akiwa na mwanawe. Akamshika kijana mkono, akaugeuza ili nione vizuri beji zilizoshonwa kwenye shati. "Kapteni, hebu hesabu mwenyewe. Saba. Na yule mliyempa ukoplo ana tatu. Hii ni haki kweli?" Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake.

Nilimwambia, "Baba, beji za mwanao ni halali, kila moja ameitolea jasho. Lakini tepe hainunuliwi kwa beji."

Ukweli ni kwamba beji na tepe ni vitu viwili tofauti. Beji huonyesha alichojifunza mvulana: huduma ya kwanza, kupiga kambi, tarumbeta, maarifa ya Biblia. Anafundishwa, anapimwa, akifaulu anavishwa. Hashindani na mwenzake, na wavulana wote thelathini wakifaulu siku moja, wote watavishwa.

Tepe ni kazi. Lansi koplo ana moja, koplo mbili, sajini tatu, na kila tepe ina wavulana nyuma yake wa kuangaliwa. Kapteni huzitoa kulingana na makundi aliyo nayo na watu anaoweza kuwaamini. Kijana mwenye tepe hufika kabla ya wenzake. Anajua nani hakuja wiki iliyopita na kwa sababu gani. Anajua mvulana gani hana nauli na hatasema. Akizembea, tepe inaweza kuvuliwa. Beji haivuliwi, kwa sababu mtu hawezi kunyang'anywa alichokwisha kujifunza.

Yule koplo wa beji tatu? Kambini mwaka huo mvua ilitukuta usiku wa manane, maji yakaanza kuingia katika hema la wavulana wadogo. Sikumwita, wala hakuna aliyemwita. Nilipofika na tochi nilimkuta amekwisha kuwahamishia wote kwenye hema lake, blanketi lake wamefunikwa wawili, na yeye yuko nje na jembe anachimba mfereji wa kupitisha maji. Alilala ameketi mlangoni. Hakuna beji ya usiku kama ule, ndiyo maana kuna tepe.

Wazazi, nawasihi: msiwahesabie watoto beji hadharani. Yule kijana wa saba hakuwa amelalamika hata siku moja mpaka alipohesabiwa na baba yake.

"Brigade ni tawi la Skauti"

Kwa umri ni kinyume chake. Boys' Brigade ilianzishwa Glasgow, Scotland, tarehe 4 Oktoba 1883, na William Alexander Smith, mwalimu wa shule ya Jumapili aliyekuwa pia ofisa katika jeshi la kujitolea. Wavulana wake wakubwa walikuwa wamechoka kukaa kwenye benchi, na Smith aliona kwamba nidhamu na mazoezi vingewashika pale ambapo kukemewa kulishindwa. Kambi ya kwanza ilifanyika mwaka 1886 huko Tighnabruaich, kando ya bahari.

Skauti ilikuja baadaye. Mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, alikuwa karibu na Brigade, na Smith ndiye aliyemhimiza aandike upya mafunzo yake ya upelelezi wa kijeshi ili yawafae wavulana. Alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Agosti 1907, wavulana waliohudhuria walikuwa kama ishirini, na baadhi yao walitoka vikosi vya Boys' Brigade vya Bournemouth na Poole. Baden-Powell mwenyewe amezikwa kwetu, Nyeri, alikofariki mwaka 1941. Ni ndugu wa karibu, sawa, lakini mkubwa ni Brigade.

Asili hiyo ya Scotland ndiyo sababu pia Wapresbiteri wa Kenya na Brigade wanafahamiana sana. Kanisa la PCEA (Presbyterian Church of East Africa) limetokana kwa sehemu kubwa na misheni ya Waskoti, ile iliyoacha jina lake Thogoto, yaani mahali pa Waskoti. Hata hivyo Brigade si ya dhehebu moja. Imo katika nchi nyingi na makanisa mbalimbali.

"Vyeo ni vya kijeshi, kwa hiyo mnafundisha vita"

Majina kweli ni ya jeshi: koplo, sajini, luteni, kapteni. Smith aliyachukua kutoka katika jeshi la kujitolea alilolijua. Tena zamani huko Uingereza wavulana walibeba bunduki za bandia kwenye gwaride, na watu wengi wa kanisa walilipinga jambo hilo hadi likaachwa. Hilo silifichi.

Lakini tazameni alama yenyewe: ni nanga. Imetoka Waebrania 6:19, panapotajwa tumaini lililo "nanga ya roho". Na lengo aliloliandika Smith linataja kuendeleza Ufalme wa Kristo kati ya wavulana, pamoja na heshima, nidhamu na kujiheshimu. Neno utii liliongezwa mwaka 1893. Vita havimo.

Upande wa pili wa dhana hii ni matumaini ya uongo. Kila msimu wa kuandikisha makuruta, huwa kuna kijana anayeniomba barua ya kuthibitisha kwamba yeye ni sajini. Naiandika kwa furaha, kwa sababu inaeleza tabia yake. Ila namwambia wazi kwamba usajini wa Brigade hauingii jeshini. Huko ataanza kuruta kama wenzake.

"Beji ya Rais hutolewa na Rais wa nchi"

Hapa mchanganyiko unaeleweka, maana majina yanafanana mno.

Katika Boys' Brigade ya Uingereza kuna tuzo iitwayo President's Badge. Rais anayetajwa hapo ni rais wa chama chenyewe cha Brigade. Juu yake iko beji ya mfalme, King's Badge, ambayo kwa miaka yote ya utawala wa Elizabeth wa Pili iliitwa Queen's Badge, na ikarudia jina la mfalme baada ya yeye kufariki mwaka 2022.

Tuzo ya Rais tunayoisikia shuleni Kenya, President's Award, ni jambo jingine kabisa. Ilianza hapa mwaka 1966 na ni sehemu ya mpango wa kimataifa wa Duke of Edinburgh. Si ya kanisa na si ya wavulana peke yao. Ina ngazi tatu: Shaba kuanzia miaka 14, Fedha 15, Dhahabu 16. Kijana hutoa huduma, hujifunza ustadi, hufanya mazoezi ya mwili, na husafiri kwa miguu porini: siku mbili kwa Shaba, tatu kwa Fedha, nne kwa Dhahabu. Kijana wa Brigade anaweza kuifanya, na namhimiza aifanye. Lakini asiende nyumbani akisema Brigade imempa Tuzo ya Rais, wala mzazi asilipe mara mbili akidhani ni kitu kimoja.

"Mwenye beji za juu ndiye aliyeokoka zaidi"

Hapana. Beji ya Biblia inapima kama mvulana ameisoma Biblia. Kumpokea mtu kwenye Meza ya Bwana ni kazi ya mchungaji na wazee wa kanisa, na hawaangalii mkono wa shati.

"Kambini beji ni za bure"

Nani alisema? Njooni muone. Mwaka huu nilimpima mvulana fundo la kitanzi kisichokaza, lile unalomtupia mtu aliyeanguka majini ajifunge kifuani bila kubanwa pumzi. Mikono mikavu, mchana, alilifunga kwa sekunde chache. Nikamwambia atumbukize kamba mtoni, afumbe macho, alifunge tena. Akashindwa mara nne. Akaondoka bila beji, na jioni nilimwona nyuma ya jiko na kipande cha kamba iliyolowa, midomo inatamka hatua moja moja.

Aliyekuwa amekaa naye akimsahihisha ni yule kijana wa beji saba. Tepe bado sijampa. Nimempa wavulana wanne wa miaka minane, na kila Jumamosi anafika kabla yangu.