Mhuri wa mwenyekiti si hati: maneno ya mtaani na ukweli wa viwanja vya Bagamoyo

Wanunuzi wa viwanja kutoka Dar huja Jumamosi, na mimi huwachapia karatasi za mauziano kwenye steshenari yangu hapa Bagamoyo. Karatasi yenyewe mnaijua: mashahidi wanne, dole gumba la muuzaji, mhuri wa zambarau wa mwenyekiti wa kitongoji. Kwa hiyo niyasemayo hapa yananigusa mfukoni.

"Karatasi ina mhuri, basi hati ninayo." Hapana. Karatasi ile ni ushahidi kwamba mmepatana na fedha imetoka mkono huu ikaingia ule. Kabla ya bei, uliza ardhi hiyo ni ya namna gani. Sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi (Na. 4) na ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5), zilizoanza kutumika Mei 2001, zimeigawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Shamba likiwa ndani ya mipaka ya kijiji, mwenye kauli ni Halmashauri ya Kijiji, yaani wajumbe walioketi kikao na kuandika muhtasari. Mwenyekiti wa kitongoji aliyekuta mnapatana chini ya mwembe si halmashauri. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ni batili. Omba muhtasari uusome, usiridhike na kuambiwa "wanajua".

"Kimepimwa, kina bikoni." Vizuri, lakini bikoni inaonyesha mpaka tu. Mwenyewe ni nani, hilo liko kwenye daftari la Msajili wa Hati. Hata kiwanja chenye hati, mkiandikiana bila kusajili uhamisho, daftarini jina linabaki la muuzaji. Ndiyo maana kuna upekuzi: unaomba, unalipia, unaonyeshwa jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Mnunuzi mmoja aliniambia, "Hati nimeiona kwa macho yangu, nipekue nini tena?" Alichokiona kilikuwa fotokopi. Hati halisi ikiwekwa rehani, benki ndiyo huishika.

"Hati ni yangu milele, ya kimila ni ya maskini." Yote mawili yamekaa kichwa chini. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati inakupa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Hata umiliki wa kudumu tulioachiwa na Wajerumani ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Hakimiliki ya kimila ya mwanakijiji, kwa upande wake, inaweza isiwe na kikomo cha muda, na sheria inaipa hadhi sawa na ile inayotolewa na Kamishna wa Ardhi.

Halafu kuna minazi, na hapa wageni huumia sana. Kwa mila zetu za pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaweza kurithi minazi saba ndani ya shamba lisilo lake, au akaiweka rehani. Ndiyo maana wazee humwambia mwalikwa, yaani aliyekaribishwa kulima shamba la mwingine: lima mihogo, lima kunde, ila mnazi usipande, kwani kupanda mnazi ni kutia mguu, kuanza kujidai mwenyewe. Unalipa shamba lote, mwezi wa pili anatokea bibi na mkwezi wake, anaangua nazi bila hata kukutazama. Uliza minazi ni ya nani, na jibu liandikwe.

Huyo mwalikwa naye ana lake: "Nimekaa miaka 12, pashakuwa pangu." Miaka 12 ni ukomo wa kufungua madai ya ardhi. Aliyekaribishwa akakaa kwa hisani hageuki mwenyewe, hata akikaa 40. Wala kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU haimpi mtu nyumba. Ingekuwa hivyo, wapangaji wote wa mjini wangekuwa matajiri.

"Jina ni la baba, wanaume wakikubaliana yatosha." Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenza, na mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Baba akishafariki, muuzaji ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwaka jana walikuja ndugu wawili na mnunuzi wao, shamba la marehemu. Nikauliza msimamizi ni nani.

"Mimi ndiye mkubwa."

"Barua ya mahakama?"

Wakatazamana. Mdogo akasema dada zao wako Tanga, wataambiwa baadaye. Mnunuzi akairudisha bahasha yake ya kaki kwapani, akaniuliza ukurasa niliokwisha kuuchapa ni shilingi ngapi.

"Mia tano."

Akalipa, akautia mfukoni bila saini hata moja, akaenda zake stendi.