Je, wajua kwa nini sultani wa Misri aliwapa Wakristo Yerusalemu bila vita?

Vita vya Msalaba vikitajwa, wengi hukumbuka damu ya Julai 1099, Wazungu walipoiteka Yerusalemu na kuwachinja Waislamu na Wayahudi waliokuwemo. Au hukumbuka Oktoba 1187, Salahuddin Ayyubi alipoukomboa mji na kuwaruhusu Wakristo wajilipie fidia waondoke. Mwaka 1229 hautajwi sana, nao ndio mwaka mji huo ulipotolewa kwa mkataba.

Aliyeutoa ni Al-Kamil, sultani wa Misri, ambaye Salahuddin alikuwa ndugu wa baba yake. Chanzo ni ugomvi wa kifamilia. Al-Kamil alikuwa haelewani na ndugu yake Al-Mu'azzam, mtawala wa Damascus, akamtumia ujumbe Frederick II, mfalme wa Sicily na kaisari wa Wajerumani: njoo unisaidie, Yerusalemu nitakupa.

Frederick akachelewa. Mwaka 1227 alianza safari, akaugua, akarudi. Papa Gregory IX akaona ni visingizio, akamtenga na Kanisa. Alipofika Akka, bandari ya Wakristo huko Palestina, Septemba 1228, Al-Mu'azzam alikuwa ameshakufa na Al-Kamil hakuwa na shida na Frederick tena. Lakini sultani alikuwa anaimezea mate Damascus, na hakutaka vita vingine mgongoni.

Tena Yerusalemu yenyewe ilikuwa haina ngome. Al-Mu'azzam aliibomoa mwaka 1219 akihofia mji usije ukatekwa na kugeuzwa boma la adui. Anayepewa mji wa namna hiyo kesho anaweza kunyang'anywa. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ndiyo iliyoamua mambo kuliko ukarimu wowote.

Mkataba ulifungwa Februari 18, 1229, kwa miaka kumi na ushee. Wakristo walipata mji pamoja na Bethlehemu na Nazareti. Waislamu wakabaki na Haram al-Sharif, yaani Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba.

Hakuna aliyefurahi. Damascus watu walilia msikitini. Patriaki Gerold, mkuu wa Kanisa la Yerusalemu, alipiga marufuku ibada mjini humo kwa sababu ya Frederick, naye Frederick aliingia Kanisa la Kaburi Takatifu, akachukua taji altareni na kujivika mwenyewe. Waandishi wa Kiislamu wanasimulia kwamba kadhi aliwanyamazisha waadhini usiku Frederick alipolala mjini, kwa kumheshimu mgeni, na asubuhi Frederick akamlaumu: yeye alitaka kuisikia adhana! Siku anaondoka Akka, wachinjaji nyama walimrushia matumbo.

Muda wa mkataba uliisha mwaka 1239. Mwaka 1244 wapanda farasi wa Khwarazm, wapiganaji wa Kiislamu waliotoka Asia ya Kati, waliuvamia mji, na jeshi la nchi ya Kikristo halikuushika tena hadi Waingereza walipoingia Desemba 1917.