Je, runinga ya QLED hujiwakia yenyewe?

Hapana. Pita maduka ya vifaa vya umeme Kisumu uulize QLED ni nini, na huenda ukaambiwa kwamba kila pikseli, yaani kila kinukta cha picha, ni kitaa kinachojiwakia. Hiyo ni OLED, aina nyingine ya runinga. Majina yamekaribiana mno, na sidhani waliolibuni jina la QLED walisikitika wateja walipochanganyikiwa.

QLED za madukani ni LCD ile ile tunayoijua: nyuma taa za LED, mbele kioo kinachoruhusu au kuziba mwanga. Kilichoongezwa, kwa kawaida, ni karatasi moja nyembamba ya plastiki. Fundi akiifungua runinga utaona taa zinawaka bluu tupu, na karatasi yenyewe ina umanjano wa chungwa. Akiirudisha juu ya taa, mwanga unatoka mweupe. Bluu hiyo peke yake si ushahidi kwamba ni QLED, lakini. Runinga ya kawaida ikizeeka, unga wa manjano ulio kwenye taa zake huchakaa, picha yote ikageuka bluu. Huo ni ugonjwa, na dawa yake ni kubadilisha taa.

Ndani ya karatasi mna nukta za kwanta, yaani fuwele zenye upana wa nanomita chache. Milimita moja ina nanomita 1,000,000. Fuwele hizo hunyonya mwanga wa bluu, zikatoa wa kijani au mwekundu. Ajabu ni kwamba madini hayabadiliki, unabadilika ukubwa tu: fuwele za kadimiamu na seleniamu za nanomita kama 3 hutoa kijani, za kama 6 nyekundu.

Chukua isukuti za Kakamega: ngoma ya baba, ya mama na ya mtoto. Mti ni ule ule na ngozi ni ile ile, ila ya mtoto hulia kwa sauti nyembamba. Fuwele ndogo nayo imeibana elektroni, chembe ndogo mno ya umeme, mahali finyu, kwa hiyo mwanga inaoutoa una nishati kubwa zaidi, ukielekea bluu. Tofauti ni kwamba ngoma waweza kuipasha moto ngozi ikakaza, sauti ikapanda. Fuwele haikazwi, ukitaka rangi nyingine unakuza nyingine.

Ndiyo maana kazi ngumu ilikuwa kuzikuza zilingane. Mwanakemia Moungi Bawendi alipata njia nzuri mwaka 1993, na mwaka 2023 akagawana Nobeli ya kemia na Louis Brus na Alexei Ekimov. Kadimiamu ni sumu, hivyo runinga nyingi sasa hutumia fuwele za indiamu na fosforasi.