Prosesa kubanwa na joto: maana yake na namna ya kuifungua

Umeanza kurenda kazi ya Blender, programu ya picha za 3D, yaani kuigeuza kazi iwe picha za mwisho. Dakika mbili za mwanzo fremu zinatoka haraka, halafu feni zinavuma na kazi inaanza kujikokota. Mara nyingi hapo prosesa imebanwa na joto, yaani imejipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Kila prosesa ina vihisi joto ndani yake na kikomo kilichowekwa na mtengenezaji. Kwa Intel Core nyingi ni nyuzi 100 za Selsiasi; kwa AMD Ryzen 7000 za kompyuta za mezani nyingi ni 95. Joto likigusa kikomo, prosesa hushusha gigahezi (kasi yake) pamoja na volti. Volti ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu umeme unaoliwa huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti: ukiishusha kidogo, joto linapungua sana. Hatua hiyo isipotosha, kompyuta hujizima ghafla.

Kazi ya grafiki huufichua udhaifu huu kwa kuwa inavibebesha viini vyote vya prosesa (sehemu zake zinazofanya hesabu) mzigo kamili kwa saa nzima, wakati kuandika barua au kuperuzi intaneti hugusa viini vichache kwa kitambo. Core i7-12700, kwa mfano, imepangiwa wati 65 kwa kasi ya msingi, lakini ikiwa kwenye turbo (kasi ya juu kuliko ya msingi) inaweza kula hadi 180. Kipoza joto kinachomudu wati 65 hakiwezi kubeba 180. Kwenye kompyuta mpakato hali ni ngumu zaidi: prosesa na kadi ya grafiki mara nyingi hutumia mabomba yaleyale ya shaba, kwa hiyo moja ikichemka inaipasha na nyingine.

Usifungue kitu kabla hujapima. Washa HWiNFO, programu inayosoma vihisi vya kompyuta, renda kwa dakika 20 hadi 30, kisha tazama joto na gigahezi kwa pamoja. Kwenye prosesa za Intel tafuta mstari wa Core Thermal Throttling. Ukisoma Yes, ni joto. Ukisoma No huku mstari wa Power Limit Exceeded ukisema Yes, basi prosesa imezuiwa na kikomo cha wati, na pesti mpya (uji unaopakwa kati ya prosesa na kipoza joto) haitabadilisha chochote. Watu wengi hupoteza fedha hapa.

Kama ni joto, angalia linavyopanda. Likiruka hadi kikomoni ndani ya sekunde mbili tatu, shaka ya kwanza ni mgusano kati ya prosesa na kipoza joto: pesti imekauka, skrubu zimelegea, au nailoni ya kiwandani haikubanduliwa chini ya kipoza. (Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, iliyoachia wati bila kikomo nayo huleta dalili hiyohiyo kwenye prosesa kubwa.) Likipanda polepole kwa dakika kumi au zaidi, tatizo ni hewa. Fungua ubavu wa kasha na urudie kipimo. Joto likishuka nyuzi tano au zaidi, kasha halipumui. Chumba nacho kinahesabiwa: chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32 mwezi wa Januari huiongezea prosesa karibu nyuzi kumi zaidi ya chumba chenye kiyoyozi cha 22.

Wanaopoza prosesa kwa maji waangalie mizunguko ya pampu kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka. Feni zinaweza kuzunguka vizuri huku pampu imekufa.

Unaposafisha vumbi, chomoa umeme na ushike feni isizunguke unapopuliza. Kwenye kompyuta mpakato, vumbi hujikusanya kama blanketi kati ya feni na mapezi ya kipoza. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha ndani tu. Fungua mfuniko wa chini ulitoe kwa brashi laini.

Kwa pesti, washa kompyuta dakika chache ilainike, kisha izime. Zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua, hasa kwenye Ryzen za soketi ya AM4 (aina ya kitako cha prosesa kwenye mazabodi), kwani ukivuta moja kwa moja prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zikapinda. Futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Weka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, ukaze skrubu kwa mshazari, mizunguko michache kila moja. Kazi ya pesti ni kujaza mianya midogo isiyoonekana. Ikiwa nene inazuia joto. Kwenye kompyuta mpakato prosesa haina kifuniko cha chuma, hivyo sambaza tabaka jembamba hadi lifunike silikoni yote, yaani chipu yenyewe.

Ikiwa bado inabanwa, punguza wati kwenye BIOS, tuseme kutoka 180 hadi 125. Kasi inayopotea ni ndogo kuliko wati zilizopunguzwa, kwa sababu wati za mwisho ndizo zenye tija ndogo. Kwenye Windows unaweza kuweka Maximum processor state kuwa asilimia 99: turbo inazimika na joto linashuka sana, ila kasi utaiona imepungua. Baadhi ya kompyuta huuficha mpangilio huo.

Baada ya kila badiliko renda faili lilelile, katika chumba kilekile, na ulinganishe muda wote uliotumika. Badilisha kitu kimoja kwa wakati.